Maswali ya Wasomaji: Soketi za Simu Nyumbani na Intaneti Inayokatika

Barua nne kati ya zilizotufikia mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wetu wanaoishi Uingereza, na zote zinahusu zile soketi za simu zilizotapakaa ukutani katika nyumba za huko. Kwa msomaji aliyekulia Afrika Mashariki, ambako wengi wetu tuliingia kwenye intaneti kupitia simu ya mkononi bila kupitia waya wowote, soketi hizi ni jambo geni, na ugeni huo ndio unaowafanya watu walipie matatizo ambayo wangeweza kuyamaliza wenyewe kwa bisibisi moja. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kosa linalowezekana.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Leicester katika nyumba tuliyoinunua kwa wazee waliokaa humo muda mrefu. Nyumba ina soketi za simu tano: ya kwanza iko ukumbini karibu na mlango wa mbele, nyingine ziko jikoni, sebuleni na katika vyumba viwili vya juu. Ruta tumeiweka chumba cha juu kwa kuwa ndiko mwanangu anakosomea. Kampuni ilituahidi megabiti 40 kwa sekunde, lakini tunapata 17 au 18, na simu ya mezani ikilia tu, intaneti inakatika kwa dakika mbili tatu. Nimewapigia mara nne, na kila mara ninaambiwa kwamba laini ni nzima, kwa hiyo nizime ruta na kuiwasha tena. Nimezima na kuwasha hadi kidole kimeota sugu. Mume wangu anasema tuhame kampuni. Je, tuhame?

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Msihame kwanza, maana mkihama mtahama na nyaya zenu. Kampuni nyingi zinazouza intaneti ya waya wa simu nchini Uingereza hupitia waya uleule wa shaba unaotunzwa na Openreach, kampuni inayosimamia nyaya za simu, kutoka kabati la mtaani hadi soketi yenu ya ukumbini, na kinachobadilika mteja anapohama ni jina lililo juu ya ankara. Soketi hiyo ya ukumbini, ambayo mafundi huiita soketi kuu, ndiyo mpaka wa dhamana. Kilicho kabla yake ni juu ya kampuni, na kinachoanzia nyuma yake, yaani soketi nne zilizobaki pamoja na nyaya zake zilizopita chini ya zulia na nyuma ya kabati, ni mali yenu na ni mzigo wenu. Kwa hiyo mtu anayekujibu kwenye simu anaweza kusema kweli tupu kwamba laini ni nzima, na wewe ukawa unasema kweli tupu kwamba intaneti ni mbovu.

Namna ya kuamua kati yenu ipo, na imejengwa ndani ya soketi kuu yenyewe. Itazame vizuri. Ikiwa uso wake umegawanyika kwa mstari mlalo katikati, na nusu ya chini ina skrubu mbili, fungua skrubu hizo na uvute nusu hiyo taratibu. Zipo soketi mpya zaidi ambazo hazina skrubu, bali hubanwa kwa vibano vya pembeni. Nyuma ya kifuniko hicho utakuta tundu jingine la simu, nalo ni tundu la majaribio. Kifuniko kikishatoka, soketi zote za ziada zimekatwa na laini, kana kwamba hazikuwahi kufungwa. Teremsha ruta kutoka chumba cha kijana, chomeka filta mpya (kile kidude kidogo kinachotenganisha sauti ya simu na intaneti) katika tundu hilo, kisha uunganishe ruta kwenye filta, na uiache hapo kwa siku mbili kamili, hata kama ukumbi wenu utakuwa kama duka la fundi redio. Jaribio la dakika kumi halitoshi, kwa kuwa nyaya mbovu huweza kutulia asubuhi na kuanza vurugu jioni.

Kabla ya kuihamisha, fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta na uandike tarakimu tatu: kasi ya laini, upungufu wa nguvu ya mawimbi na nafasi iliyopo kati ya mawimbi na kelele, ambazo hizi mbili za mwisho hupimwa kwa desibeli. Andika tena baada ya kuihamisha. Ninasisitiza kasi inayoonyeshwa na ruta yenyewe, si ile inayoonyeshwa na simu yako ukiwa umelala kitandani, kwa sababu ile ya simu imechanganya ubovu wa waya na udhaifu wa Wi-Fi, na matatizo hayo mawili hayana dawa moja. Kasi ikipanda kwenye tundu la majaribio, kosa limo ndani ya nyumba. Ikibaki palepale, jaribu filta nyingine, na ruta nyingine ukiweza kuazima. Bado ikigoma, piga simu kwa kampuni useme waziwazi kwamba umejaribu kwenye tundu la majaribio. Kauli hiyo hubadilisha mazungumzo yote. Pia hukuepusha na malipo ya fundi, kwani fundi akija na kukuta kosa liko kwenye nyaya zako, gharama ya safari yake huenda ikawa yako.

Kwa maelezo yako, nadhani kasi itapanda, na ninayemshuku kwanza ni waya wa kengele. Uingereza ilianza kutumia plagi na soketi hizi za simu mwaka 1981, na mpangilio wa wakati huo ulihitaji waya tatu kwenda kwenye kila soketi ya ziada. Waya mbili, zilizofungwa kwenye terminali (vibanio vya waya vyenye namba) namba 2 na namba 5, hubeba mazungumzo. Waya wa tatu, wa terminali namba 3, hutoka kwenye kapasita moja (kifaa kidogo cha umeme kinachopitisha mkondo wa kengele) iliyomo ndani ya soketi kuu, na kazi yake ilikuwa kuzilisha kengele za simu za zamani ili zote zilie pamoja. Simu za leo haziuhitaji, na filta nyingi zina kapasita yake ndani. Waya umebaki ukutani bila kazi, ila kazi ya kuharibu.

Unaharibu kwa njia hii. Waya mbili za simu husokotwa pamoja ili kelele ya umeme inayopita hewani iziguse kwa kiasi sawa. Ruta husoma tofauti iliyopo kati ya waya hizo mbili, na kilicho sawa pande zote hujifuta chenyewe. Ukishaunganisha waya wa tatu upande mmoja tu, usawa umevunjika, kama ngalawa iliyopakiwa mzigo upande mmoja. Waya huo mrefu, unaozunguka nyumba nzima, sasa unadaka kelele za redio na za vifaa vya umeme kama antena na kuzimimina kwenye laini. Simu haitakujulisha, kwa sababu sauti ya mtu hutumia masafa ya chini tu, takribani hezi 300 hadi 3,400, na kelele hiyo iko juu ya hapo. Intaneti ya aina mliyonayo hupanda hadi megahezi 17, kwa hiyo inaipata kelele yote.

Ugeuze kile kifuniko ulichokitoa. Ukiona waya kwenye terminali namba 3, mara nyingi wa rangi ya chungwa wenye pete nyeupe, uchomoe kwa koleo ndogo na uukunje pembeni bila kuukata, uache ule wa buluu wenye pete nyeupe kwenye namba 2 na ule mweupe wenye pete za buluu kwenye namba 5. Nyumba za zamani zina rangi nyingine, basi fuata namba wala usifuate rangi. Kifuniko kikiwa mkononi, nyaya hizo hazina umeme wa laini. Usiguse nyaya zinazoingia kutoka nje kwa upande wa nyuma, zenye alama A na B: hizo si zako, zina volti 50 muda wote, na simu inapolia hupanda kiasi cha kukushtua vizuri. Ikiwa soketi yenu ni ya zamani zaidi na uso wake haukugawanyika, usiifungue. Iombe kampuni iibadilishe.

Kosa la pili ni matawi yenyewe. Kila waya unaokwenda kwenye soketi isiyotumika ni njia isiyo na mwisho mwema: mawimbi huingia, hugonga ncha iliyo wazi, hurudi kama mwangwi na kukutana na yale yanayokuja, na baadhi ya masafa hupotea hapo. Kadiri kasi unayoinunua inavyokuwa kubwa, ndivyo mwangwi huo unavyouma. Soketi ambayo hakuna aliyeigusa tangu mhamie, kateni waya wake kwenye kifuniko cha soketi kuu.

Kuhusu kukatika simu inapolia, watuhumiwa ni wawili. Wa kwanza ni kifaa kisicho na filta. Kila kitu kinachochomekwa kwenye laini ya simu kinahitaji filta yake, na watu hukumbuka simu lakini husahau king'amuzi cha televisheni, mashine ya faksi au kengele ya wezi iliyofungwa na wenye nyumba wa zamani. Pitia nyumba nzima, na utazame hata nyuma ya kabati la nguo. Wa pili ni kiungo cha waya kilichoshika kutu mahali fulani, ambacho hustahimili utulivu lakini hutetereka umeme wa kengele unapopita. Ili kumjua, chomeka simu ya kawaida ya waya kwenye tundu la majaribio, piga 17070, kisha uchague namba 2; laini inapaswa kuwa kimya kabisa. Ukisikia mkwaruzo kama mafuta ya kukaangia, kosa liko nje, nawe liripoti kuwa ni ubovu wa simu, si ubovu wa intaneti, maana mkwaruzo unaosikika ni ushahidi mgumu kuukana.

Jambo moja zaidi, dada, na hapa sitakubaliana na waliokushauri. Acheni kuzima na kuwasha ruta. Mfumo unaosimamia laini huhesabu kila mkatiko, na ukiona mingi huiona laini kuwa dhaifu na kuishusha kasi kwa makusudi ili itulie. Huenda sehemu ya megabiti mlizopoteza imepotea hivyo. Hata baada ya kuondoa kosa, kasi inaweza kuchukua siku kadhaa kurudi, kwa hiyo msikate tamaa siku ya pili.

Mkishamaliza yote haya, nunueni kifuniko cha soketi kuu chenye filta ndani yake. Hicho hutenganisha simu na intaneti palepale mlangoni, soketi za juu zikabaki na sauti tu, na hutahitaji tena filta katika kila chumba. Ruta ibaki ukumbini, na kwa kijana mpitishieni kebo ya mtandao kutoka kwenye ruta hadi mezani kwake. Kebo ya namna hiyo ya mita 20 haipunguzi kasi yake hata kidogo. Wasomaji wanaopanga nyumba waombe kwanza idhini ya mwenye nyumba kabla ya kuchomoa chochote ukutani.

SWALI: Mimi niko Reading. Nimefanya hayo ya tundu la majaribio baada ya kusoma mahali pengine, nimebadilisha filta na ruta, lakini kila siku kuanzia kama saa moja jioni laini inaanguka mara tano au sita, kisha usiku wa manane inatulia. Fundi alikuja saa nne asubuhi, akapima, akasema hakuna tatizo.

JIBU: Ndugu yangu, fundi alikuja saa ambayo mwizi amelala. Tatizo linalofuata saa kwa uaminifu namna hiyo mara nyingi halitoki kwenye laini bali kwenye kifaa cha umeme kinachowashwa saa hiyo na kumwaga kelele hewani. Nimesikia visa vya adapta za bei rahisi, taa za mapambo, transfoma ya taa za jikoni, hata televisheni ya jirani nyuma ya ukuta mwembamba.

Kifaa cha kumsaka unaweza kukipata kwenye duka la vitu vilivyotumika: redio ndogo ya betri yenye mawimbi ya kati. Iweke kwenye kilohezi 612, mahali ambapo hupati kituo chochote, ili usikie mvumo tupu. Intaneti inapoanza kuanguka, tembea nayo nyumbani pole pole, uipeleke karibu na ruta, karibu na waya wa simu na karibu na kila plagi. Mvumo ukigeuka kuwa mlio mkali au mgurumo wenye mapigo, umefika. Chomoa kifaa kilicho hapo na usikilize kama mlio umekoma. Usipomwona, zima swichi kuu ya umeme wa nyumba kwa dakika moja. Redio ya betri itaendelea, na ikiwa bado inanguruma, chanzo kiko nje ya nyumba yako. Andika saa na mahali mlio ulipokuwa mkali zaidi, uipe kampuni yako taarifa hiyo na uombe waje mafundi wa kufuatilia mwingiliano wa umeme, na waje jioni. Usiende kwa jirani kumtuhumu ukiwa na redio mkononi. Nenda na salamu kwanza.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 74, naishi Cardiff na mke wangu. Kampuni imeniandikia kwamba simu yangu ya mezani itahamishiwa kwenye ruta. Nina soketi chumbani, ambako simu iko karibu na kitanda kwa sababu ya afya ya mke wangu. Wanasema soketi hiyo itakufa. Ni kweli?

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Ni kweli, isipokuwa ifanyiwe kazi kidogo. Mtandao wa zamani wa simu nchini Uingereza umepangwa kuzimwa ifikapo Januari 2027, na kuanzia hapo sauti husafiri ndani ya intaneti. Simu itachomekwa nyuma ya ruta, na soketi za ukutani hazitakuwa na mlio tena, kwa kuwa hakuna kinachozilisha.

Inawezekana kuzilisha kutoka kwenye ruta: waya mfupi hutoka kwenye tundu la simu la ruta na kuingia katika mojawapo ya soketi za ziada, na zilizobaki hufufuka pamoja nayo. Lakini ni lazima, kabla ya hapo, nyaya za ndani zitenganishwe kabisa na laini inayotoka nje, kwenye soketi kuu. Pasipo kufanya hivyo, umeme wa laini ya nje unaweza kuingia kwenye ruta na kuiharibu. Hii si kazi ya kubahatisha, na kwa umri wako ningependa aifanye mwanao au fundi. Kwa maoni yangu, njia iliyo nyepesi zaidi ni seti ya simu zisizo na waya, ambayo kituo chake kimoja huchomekwa kwenye ruta na vipokezi vyake vingine huwekwa popote penye umeme, kimoja kando ya kitanda cha mama.

Lililo zito zaidi kwangu si soketi. Simu ya zamani ilipata umeme kutoka kwenye laini yenyewe, kwa hiyo umeme ulipokatika nyumbani, iliendelea kufanya kazi. Simu ya kwenye ruta itazimika pamoja na taa. Waambieni kampuni, kabla ya siku ya kuhamishwa, kwamba nyumba ina mgonjwa anayetegemea simu ya mezani. Mwongozo wa Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, unawataka wawape watu wa namna hiyo, bila malipo, njia ya kupiga simu ya dharura kwa muda usiopungua saa moja umeme unapokatika. Na ikiwa mama anavaa kidude cha kuitia msaada shingoni, waulizeni walioleta kifaa hicho kama kitafanya kazi na simu ya namna hii, kisha mkijaribu wenyewe baada ya kuhamishwa.

SWALI: Nimenunua waya wa simu wa mita 15, ule bapa mweupe, ili nitoe laini sebuleni hadi ghorofani. Intaneti imeshuka nusu. Niko Milton Keynes. Je, ninunue ulio mnene zaidi?

JIBU: Hapana. Unene si hoja. Waya bapa haukusokotwa, kwa hiyo hauna ule usawa nilioueleza katika jibu la kwanza. Uukunje, uurudishe dukani kama bado una risiti, na uirudishe ruta sebuleni kwa ule waya wake mfupi iliokuja nao. Mita 15 hizo uzivuke kwa kebo ya mtandao kutoka kwenye ruta kwenda juu. Ikiwa kuna sababu isiyoepukika ya ruta kukaa ghorofani, basi tumia waya wa simu wa kufungwa ukutani uliosokotwa, uutoe moja kwa moja kwenye soketi kuu, bila kuupitisha katika soketi nyingine yoyote njiani.